Modogashe Isipotenga Uwanja Leo, Watoto Watacheza Wapi Kesho?

Neno kiwanja lina maana mbili katika lugha yetu. Kuna kiwanja cha kujengea nyumba au duka, ambacho watu wengi siku hizi hukiita ploti, na kuna kiwanja cha kuchezea. Kwa miaka mingi niliichukulia tofauti hiyo kuwa jambo la kamusi, la kuwafundishia wanafunzi siku ya somo la maneno yenye maana zaidi ya moja. Nilipokwenda kufundisha katika shule moja ya eneo la Modogashe ndipo nilipong'amua kwamba baina ya maana hizo mbili pana mvutano mkubwa, na kwamba katika mvutano huo aghalabu mtoto ndiye anayeshindwa.

Ilikuwa hivi. Shule yetu haikuwa na mahali pa kuchezea ila ukanda mwembamba nyuma ya madarasa, uliojaa mawe na miiba. Nikaenda kumwona mtu mmoja aliyejua habari za ugawaji wa ardhi pale mjini, nikamweleza kwamba wanafunzi wangu wanahitaji kiwanja. Akafungua daftari lake, akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, unataka 50 kwa 100, au zaidi ya hapo?” Alikuwa akinena futi, vipimo vya ploti ya kawaida. Nilipomjibu kwamba ninataka mita 105 kwa 68, alikokotoa kidogo pembezoni mwa daftari, kisha akacheka. “Maalim, hizo ni ploti 15! Na watoto hawalipi kodi.”

Sikumlaumu. Hesabu yake ilikuwa sawa, na mawazo yake ndiyo yetu sote. Tumezoea kuamini kwamba uwanja wa michezo ni ardhi iliyobaki baada ya kila mtu kuchukua chake. Mimi nasema kinyume cha hayo. Uwanja ndio unaopasa kutengwa kwanza, na wanaoutenga sharti wajue mapema utatumiwa na nani, saa ngapi, jua likiwa upande gani, na maji yakiwa kiasi gani. Mambo hayo yasipopangwa mwanzoni, hata fedha nyingi haziwezi kuyarekebisha baadaye.

Kwa msomaji asiyeufahamu mji huu, Modogashe uko katika Kaunti ya Garissa, na ndio makao makuu ya Lagdera. Uko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, mpakani kabisa na Kaunti ya Isiolo, mahali ambapo barabara itokayo Garissa hukutana na ile itokayo Isiolo kuelekea Wajir na Mandera. Barabara hiyo ya Isiolo hadi Mandera imekuwa ikitengenezwa kwa lami kipande baada ya kipande katika miaka hii ya 2020. Kila mmoja wetu anajua kinachotokea lami inapokaribia mji. Bei ya ardhi hupanda, vigingi huchomekwa, na mahali palipokuwa uwanda wa ngamia huwa safu ya maduka. Nafurahia lami hiyo kama wanavyoifurahia wenyeji. Hata hivyo, mji ukishajengwa, hakuna atakayebomoa maduka 15 ili watoto wapate pa kuchezea mpira.

Baada ya kuzungumza na wazee mara kadhaa, tuliruhusiwa kutumia kipande cha ardhi nje kidogo ya ua wa shule. Ruhusa yenyewe ilikuwa ya mdomo. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa kuwa lina uzito wake. Kwanza niungame kosa langu mwenyewe.

Niliupima uwanja ule sambamba na ua wa shule, kwa sababu machoni pangu ulipendeza hivyo. Ua wetu ulielekea mashariki na magharibi. Katika mechi ya kwanza dhidi ya wageni, timu yetu ilitangulia kwa mabao mawili, kisha ikafungwa matatu katika kipindi cha pili. Nilimkaripia mlinda lango wetu mbele ya wenzake. Kijana yule aliinamisha kichwa, halafu akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mimi si kipofu. Jua ndilo lililofunga.”

Alikuwa amesema kweli. Huku kwetu hakuna achezaye saa sita mchana, kwa kuwa joto halimruhusu. Watu hucheza baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi, yaani kuanzia kama saa kumi hadi saa kumi na mbili na kitu. Muda huo ndio jua linapoteremka. Karibu na ikweta, jua huzama upande wa magharibi hasa mwaka mzima, bila kupotoka sana. Kwa hiyo mlinda lango anayetazama magharibi katika kipindi cha pili hulitazama jua lenyewe, na mpira ukitoka huko hauoni mpaka umefika. Vijana walikwisha kulijua jambo hilo. Kila nahodha aliyeshinda katika kurusha sarafu alijipangia kuwa kipindi cha pili lango lake liwe lile la upande wa magharibi. Mimi, mwenye shahada na chaki mkononi, ndiye niliyekuwa sijui.

Nchi nyingi hufuata kanuni ya kuelekeza urefu wa uwanja kaskazini na kusini, na sababu ni hiyo hiyo. Tukaamua kuupima upya, na kazi hiyo ikawa somo. Jumamosi moja tulichomeka fimbo iliyonyooka mahali tambarare. Asubuhi tukatia alama kwenye ncha ya kivuli chake, tukachora duara lenye upana wa kivuli hicho kutoka kwenye fimbo. Alasiri, kivuli kilipolifikia tena duara lile, tukatia alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili huelekea mashariki na magharibi. Kisha tukachukua kamba ya mita 12 iliyotiwa mafundo kwenye mita ya 3 na ya 7, tukaivuta iwe pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5, nasi tukapata pembe mraba na mstari wa kaskazini na kusini. Kwa uwanja wa mita 105 kwa 68, umbali kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala ni mita 125 na sentimita 10. Vipimo vya pande zote mbili vilipolingana, darasa zima lilishangilia, wakiwemo wale waliokuwa wakilikimbia somo la Hisabati.

Walimu wenzangu, nawasihi mlizingatie hilo. Kupanga uwanja kunakusanya Jiografia, Hisabati, Sayansi na uraia mahali pamoja. Tulipouliza maji ya mvua yataelekea wapi, tulijifunza kwamba katikati ya uwanja painuliwe kidogo, sentimita 1 kwa kila mita 1 ya upana. Kutoka katikati hadi pembeni ni mita 34, basi mgongo wa uwanja uwe juu ya kingo kwa sentimita 34. Tulipima usawa kwa bomba laini la plastiki lililojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi waashi. Tulipouliza watazamaji wakae wapi, tuligundua kwamba miti na viti viwe upande wa magharibi. Jioni kivuli cha miti huwaangukia watazamaji na jua huwa mgongoni mwao. Wakikaa upande wa mashariki, hutazama mechi nzima wakiwa wamekinga macho kwa viganja.

Upepo nao tuliufikiria. Miezi ya kusi upepo huvuma kwa nguvu na kuinua vumbi, na uwanja wetu mpya ulielekeana nao. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama hatukuhamisha udhia kutoka kwenye jua kwenda kwenye upepo. Tulijadiliana, tukakubaliana kwamba upepo husaidia timu moja kipindi hiki na nyingine kipindi kijacho, ilhali jua humwonea zaidi yule wa kipindi cha pili, kwa kuwa huzidi kuteremka. Tukapanda safu ya miti upande wa kusini ili kuupunguza makali. Tulichagua mwarobaini na mswaki, miti inayostahimili ukame. Mathenge tuliukataa kabisa. Mmea huo uliletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, nao umegeuka balaa katika maeneo mengi makavu. Miiba yake hutoboa mpira na mguu vilevile.

Lipo swali la nyasi. Kila ninapozungumza habari za uwanja, mtu huniuliza, “Mtapanda nyasi lini?” Picha tuliyo nayo akilini ni ile ya Kasarani au Nyayo, majani ya kijani na mistari myeupe. Hebu tufanye hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Katika joto kama la Garissa, nyasi huhitaji si chini ya milimita 5 za maji kila siku. Hizo ni lita 35,700 kwa siku, yaani mitungi 1,785 ya lita 20. Ngamia mwenye kiu hunywa lita 100 hivi kwa mkupuo mmoja. Maji ya siku moja ya uwanja huo yangewanywesha ngamia 350 na ziada. Ni nani atakayesimama mbele ya mfugaji katika mwaka wa ukame amwambie kwamba maji ya kisima yamekwenda kwenye nyasi za kukanyagwa?

Wengine husema basi tutandike nyasi za plastiki. Hizo hazinywi maji, lakini juani hupata joto kuliko hewa yenyewe, na huweza kupita nyuzi 60. Mtoto akianguka juu yake huungua. Kwa mji wa Modogashe, uwanja ufaao ni wa udongo uliosawazishwa, ukashindiliwa vizuri, ukaondolewa mawe na miiba, na ukatunzwa. Udongo hautuaibishi. Kamariny, karibu na mji wa Iten, ilikuwa njia ya mbio ya udongo mtupu, na wanariadha waliotikisa dunia walifanyia mazoezi pale. Katikati ya miaka ya 2010 ilifungwa ili ijengwe upya kwa fahari, kisha kazi ikakwama, na kwa miaka mingi wanariadha wakakosa njia ya zamani na mpya pia. Tusiuharibu uwanja mnyenyekevu unaotumika kwa tamaa ya ule mkubwa uliochorwa kwenye karatasi.

Maji machache tuliyo nayo tuyaelekeze kwenye mambo mawili, kunywa na kukuza miti. Eneo letu hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa la madarasa lenye mita za mraba 200 laweza kuvuna hadi lita 60,000 kwa mwaka, ukiacha yanayopotea. Hayo hayatoshi nyasi hata siku mbili, ila yanaweza kuilea miti mingi michanga hadi ijitegemee.

Nadhani msomaji amekwisha kuona kwamba mpaka hapa nimezungumza habari za wavulana tu. Nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa nikipima uwanja. Siku ya ufunguzi wavulana walicheza hadi jua likazama, na wasichana wakasimama mbali, kando ya madarasa, wakitazama. Niliwauliza kwa nini hawakuingia. Mmoja wao akanijibu, “Mwalimu, barabara inatuona.”

Maneno hayo matatu yalinifunza zaidi ya vitabu. Wasichana walitaka sana kucheza. Walichokosa ni mahali pa kuchezea kwa heshima, pasipo macho ya kila dereva wa lori apitaye. Aidha walikosa wakati. Kama kuna uwanja mmoja tu na saa mbili na nusu tu za kucheza kwa siku, wenye nguvu wataukalia kila jioni. Tukarudi kwenye vipimo. Kiwanja cha voliboli ni mita 18 kwa 9. Ukiongeza mita 3 za nafasi kila upande, kinahitaji mita 24 kwa 15, yaani mita za mraba 360. Ndani ya uwanja mmoja wa soka vingeweza kuenea karibu viwanja 20 vya voliboli! Tulitengeneza kimoja nyuma ya madarasa, tukakizungushia ua wa matawi na mikeka. Nguzo za wavu zilitobolewa matundu mawili, moja la mita 2.43 kwa wavulana na jingine la mita 2.24 kwa wasichana. Jioni ya tatu pale palijaa wasichana, na kelele zao zilivuka ua.

Sisi hatukuwa wa kwanza kulifikiri jambo hili. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti hii hii ya Garissa, wabunifu wa kampuni ya Nike pamoja na shirika la UNHCR walikaa na wasichana katikati ya miaka ya 2000, wakabuni nao mavazi ya kuchezea voliboli yanayosetiri mwili na kumruhusu mchezaji kuruka. Mwaka 2014 watunga kanuni za soka duniani nao waliruhusu rasmi wachezaji kufunika vichwa. Ikiwa kanuni za dunia nzima zilibadilika ili msichana acheze, hatuna udhuru wa kushindwa kujenga ua wa mikeka.

Wazee nao wana haki yao ya kuburudika. Mchezo wa shax wa Wasomali, unaochorwa mchangani, ambamo kila mchezaji ana kete 12, hauhitaji wavu wala filimbi. Unahitaji kivuli tu. Miti ya upande wa magharibi ikikua, wazee watacheza shax chini yake huku wakiwaangalia wajukuu. Mwenye ulemavu naye ahesabiwe tangu siku ya kwanza, si kwa kuongezewa ngazi za mbao baadaye. Njia ngumu isiyo na mchanga, yenye upana wa mita 1 na nusu, kutoka langoni hadi kivulini, ni gharama ndogo mno ikipangwa mapema. Hali kadhalika milango ya goli ichimbiwe imara ardhini. Goli lililosimamishwa tu bila kufungwa likimwangukia mtoto laweza kumuua.

Lakini lipo jambo jingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha vipimo, nami nililipata kwa mzee mmoja. Kila jioni alikuja kutazama mchezo, na kila jioni alisimama nje ya mstari wa miti, hakuingia. Nilipomkaribisha akae, alishukuru, akakataa. Baadaye aliniambia kwamba viwanja vya wazi vyenye watu wengi humkumbusha Garissa ya mwaka 1980.

Vijana wengi hawaijui habari hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Mnamo Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa pale siku kadhaa bila chakula wala maji. Februari 1984, katika Wajir, wanaume walikusanywa katika uwanja mwingine, wa ndege, pale Wagalla, na wengi mno hawakurudi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa kizazi kizima cha kaskazini mashariki, uwanja haukuwa mahali pa furaha. Ulikuwa mahali pa kukusanywa kwa nguvu.

Basi anayepanga uwanja katika sehemu hizi hapangi juu ya ardhi tupu. Uwanja uwe na njia nyingi za kuingilia na kutokea, usiwe boma lenye lango moja. Ua wake uwe wa miti badala ya ukuta mrefu. Wazee waulizwe mahali pa kuuweka kabla ya mhandisi kuulizwa. Nadhani pia kwamba hakuna dawa ya kumbukumbu hiyo iliyo bora kuliko watoto wanaocheza kwa hiari yao mahali pa wazi, jioni baada ya jioni, mpaka uwanja upate maana nyingine.

Modogashe una sababu ya pekee ya kulitenda hilo. Jina la mji huu liko katika Azimio la Garissa na Modogashe la mwaka 2001, ambalo wazee na viongozi wa jamii za wafugaji walikubaliana juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia ili umwagaji damu ukome. Azimio hilo lilipitiwa upya mwaka 2011. Mpaka wa Garissa na Isiolo, uliozusha ugomvi mara nyingi, uko hapo hapo mjini. Uwanja ukiwekwa ndani kabisa ya mtaa wa ukoo mmoja, utakuwa wa ukoo huo, na wengine watakuja wakiwa wageni au hawatakuja. Ukiwekwa mahali ambapo watoto wa pande zote hufika bila kuvuka mlango wa mtu, utalitumikia azimio lile kila jioni. Kule Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan na shirika lake la HODI wamewachezesha soka vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, wakiwachanganya katika timu moja. Mtu humpasia mpira mwenzake kabla ya kumuuliza ukoo.

Nilisema kwamba nitarudi kwenye ile ruhusa ya mdomo. Niliondoka Modogashe nikiamini kwamba nimeacha kitu. Kisha mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, akanipigia simu kunijulisha kwamba vigingi vimeonekana nyuma ya lango la kusini, ndani ya safu ya miti tuliyoipanda. Aliyevichomeka hakujulikana. Nilimuuliza kama shule ina hati yoyote. Nilijua jibu kabla hajalitoa, maana mimi ndiye niliyepaswa kuitafuta hati hiyo, nikatosheka na neno la mdomo.

Nasi si wa kwanza. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitupiwa mabomu ya kutoa machozi walipoandamana kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Ikiwa hayo yalitendeka mchana, katika mji mkuu, mbele ya kamera, ni nani atakayeuona mwarobaini ukikatwa Modogashe?

Sheria iko, kwa anayeitumia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake pamoja na bustani na mahali pa burudani. Kenya iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa shughuli maalumu iliyoamua yenyewe. Zaidi ya hayo, Mtaala wa Umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Itakuwa dhihaka kumwambia mtoto wa Lagdera achague mkondo huo ilhali hana mahali pa kutimulia mbio mita 100.

Najua wapo watakaosema kwamba mji usio na maji ya kutosha wala madaktari wa kutosha hauna haja ya kuhangaikia mpira. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye kuisema si adui wa watoto. Lakini sijaomba fedha za hospitali. Ninachoomba leo hakigharimu karibu chochote. Uwanja wa soka ukizungukwa na njia ya mbio ya mita 400 huhitaji mita 177 kwa 93 hivi, yaani kama ekari 4. Tukitenga ekari 6, tutapata pia viwanja vidogo, miti na njia. Kuzitenga sasa ni kazi ya karatasi, muhuri na mawe ya mpaka. Majukwaa na taa vyaweza kungoja miaka 20. Ardhi haitangoja.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usisubiri mgeni wa Nairobi. Wiki hii chukua kamba na wanafunzi wako, pimeni mahali mnapochezea, mchore ramani, muandike juu yake nani anacheza hapo na saa ngapi. Nawe mwanafunzi, muulize mwalimu wako mkuu, kwa heshima, kama shule ina hati ya uwanja wake. Akikuambia ipo, omba kuiona. Ramani hiyo na swali hilo vifike kwa wazee, na kwa kaunti, kabla ya vigingi.

Mwanafunzi wangu yule wa zamani amekwisha kufanya hivyo. Aliwapeleka wazee uwanjani jioni, saa ya mchezo, wakatazama. Miongoni mwao alikuwemo yule mzee wangu. Nimeambiwa kwamba safari hii alipita ndani ya mstari wa miti, akakaa kivulini, akauliza ramani iko wapi.